Kifua Kinachomtangulia Baba

8 Machi, Jumapili

Masika yameingia leo kwa kishindo. Bati linapigwa tangu asubuhi na ua umegeuka bwawa. Magoti yangu yamegoma kutoka nje, na sitaki msimu mzima uishie kwenye soga za ukutani na jirani, kwa hiyo nimeamua kuandika. Nilipokuwa matroni wa bweni la wasichana niliandika kila jioni: nani mgonjwa, nani katoroka, kitanda gani hakikutandikwa. Mkono bado unawasha.

Humu ndani tuko wanawake watatu. Mimi, binti yangu anayeshona sare za shule kwenye karakana ya cherehani, na mjukuu wangu wa darasa la kwanza. Huyu tunamwita Chiriku kwa kuwa tangu alipojua kusema hajanyamaza. Mume wa binti yangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Huja, akala, akalala, akaondoka. Si mtu mbaya, sisemi hivyo, ila ni mtu wa barabarani, na mtu wa barabarani huwezi kujua juzi alilala wapi na nani alimwomba lifti.

Chiriku ana pumu. Ilianza masika ya mwaka jana. Kiangazi chote alikuwa mzima kabisa, hata nikaanza kujidanganya kuwa imekwisha. Pampu yake naiweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo mkono wangu unaifikia bila macho.

11 Machi, Jumatano

Binti yangu alinipigia simu kutoka kazini: mumewe amevuka mizani ya mwisho ya malori, jioni atakuwa nyumbani. Akanikumbusha nisimwambie mtoto. Mwaka jana tulimwambia, lori likaharibika njiani, na Chiriku akalia mpaka akapata homa. Tangu hapo ni siri yetu wawili.

Basi nikafanya kazi yangu. Nikafagia, nikapiga deki, nikaandaa kiti. Kiti chenyewe ni cha marehemu mume wangu, kipana, chenye mito ya sufi niliyoijaza mwenyewe tulipokuwa tumeoana majuzi tu. Kiko kwenye kona ya sebule, kimefunikwa shuka jeupe, na hakikaliwi na yeyote ila mkwe anapokuja. Kiangazi huitoa mito uani, nikaicharaza fimbo na kuianika juani. Kwa mvua hii niliipiga humo humo sebuleni, madirisha nimeyafunga maji yasiingie, nikaifuta kwa kitambaa na kuifunika tena. Sina mapenzi makubwa na mkwe, lakini hatasema nilimkalisha kwenye vumbi.

Chiriku akarudi shule mchana, mdomo mbele miguu nyuma. Mwalimu kapiga chafya, mwenzake kameza kifutio. Akakaa mkekani na hesabu zake. Nikawa jikoni namsikia, mara nikawa simsikii. Nikachungulia. Ameacha penseli, ameinua kichwa kama anayesikiliza mtu.

Akasema, "Bibi, baba anakuja."

Nikamuuliza nani kamwambia. Akaweka kiganja kifuani na kujibu, "Hiki."

Nikasogea, nikausikia mluzi ule mwembamba kila akivuta pumzi. Nikampa pampu, akatulia kidogo. Kabla giza halijaingia, lori likaunguruma nje.

12 Machi, Alhamisi

Mkwe kaondoka mapema. Hadi mchana Chiriku alikuwa mzima, anaimba.

16 Machi, Jumatatu

Mvua. Ukungu umeota nyuma ya kabati la nguo. Nimeusugua kwa sabuni mpaka kucha zikaniuma.

20 Machi, Ijumaa

Imetokea tena, na safari hii nilikuwa nimejiandaa. Binti yangu aliponipigia sikujibu zaidi ya "haya". Niliandaa kiti mtoto akiwa shule, nikafunika, nikafunga mdomo na uso. Aliporudi sikutabasamu wala sikuvaa kanga nzuri. Nilikaa mkabala naye nachambua mchele, jicho moja kwenye sinia na jingine kwake.

Hakukawia. Alianza kuvuta pumzi kwa mabega. Akanitazama, akatabasamu, ndiyo, akatabasamu huku kifua kinapiga filimbi, akasema baba yuko karibu. Nikamuuliza anaionaje njia aliyopo baba. Akasema haoni njia, anasikia tu inavyobana, na ikibana baba hufika.

Jirani yetu tunayepakana naye ukuta, yule niliyempachika jina la Redio, alikuja kuazima chumvi na kunikuta nimeduwaa. Nikakosea kumsimulia. Akashusha sauti na kusema malori huua watu njiani na kupita, na aliyekufa barabarani hana mlango wa kuingia ila wa yule aliyempita. Nikamwambia achukue chumvi yake akapike. Aliondoka, lakini maneno yake hayakuondoka naye.

Mkwe alifika na magunia ya mahindi kwenye lori. Chiriku alimkalia pajani kwenye kile kiti na kifua kikazidi, ikabidi mama yake amnyanyue. Niliuona uso wa mkwe. Alikuwa amebaki na mikono hewani.

24 Machi, Jumanne

Kliniki. Daktari ni kijana mstaarabu, anasikiliza kifua kwa subira na anamsemesha mtoto kama mtu mzima. Alisema pumu ya Chiriku inachokozwa na kitu anachokivuta, mwili wake una mzio nacho, na kazi yetu ni kukijua. Akauliza maswali. Je, kuna paka? Hakuna. Anayevuta sigara? Hakuna. Zulia? Mkeka tu. Viti vya kitambaa, mito ya zamani? Nikamjibu kwamba viti vyetu ni vya mbao, na kwamba nimesimamia mabweni nusu ya maisha yangu, nyumba yangu hata ukidondosha tonge unaliokota na kulila. Akacheka, akaniomba radhi.

Kisha akauliza baba anafanya kazi gani. Dereva wa lori, anabeba nafaka, unga, wakati mwingine saruji. Daktari akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema vumbi la nafaka linaweza kukaa kwenye nguo na nywele, tuanze hapo, aoge na abadili nguo kabla ya kumshika mtoto. Akaongeza dawa ya kuvuta kila siku, mtoto awe mzima au mgonjwa.

Njiani nilitaka kurudi nimuulize: Vumbi la nguo za mtu aliye mbali linafikaje kabla yake? Sikurudi. Swali lenyewe lilinitia aibu.

28 Machi, Jumamosi

Mkwe kaja. Ameoga gereji, nguo za kazi kaziacha huko, kanyoa nywele mpaka kichwa kinang'aa. Kafika ananukia sabuni kama bwana harusi. Haikusaidia kitu. Chiriku alikuwa ameanza kubanwa saa nzima kabla.

Binti yangu alipomchukua mtoto chumbani, tulibaki wawili sebuleni, mimi na mkwe, jambo ambalo huwa tunalikwepa. Alikaa kwenye kiti cha marehemu ukingoni kabisa, kama mtu aliyeitwa ofisini. Akasema, "Mama, kifua cha mwanangu kinanikataa."

Nilitakiwa kumtuliza. Badala yake nikamuuliza kama amewahi kumgonga mtu. Akasema hajawahi, na macho yake yalijaa machozi. Sikumwamini. Mungu anisamehe, nilimtazama nyuma ya bega kuona kama kuna kingine kimeingia naye.

1 Aprili, Jumatano

Mvua. Redio kaja kuazima kiberiti. Sikumfungulia.

3 Aprili, Ijumaa

Siku mbaya.

Simu ya binti yangu ilikuja kama kawaida: amevuka mizani. Nikaandaa. Nilikuwa na haraka kwa sababu maji yalianza kuingia jikoni, nikaicharaza mito juu juu na kutupia shuka hovyo, nikakimbilia ndoo. Mchana Chiriku akarudi amelowa chapa. Nikamkausha, nikamwekea uji, akakaa sebuleni.

Kifua kikaanza. Nikachukua pampu. Nikamkuta hanitazami mimi wala mlango. Anatazama kona ya sebule, kwenye kiti. Shuka lilikuwa limebonyea katikati na kushuka mbele kwa namna nilivyolitupa, na kwa mwanga ule wa mvua ungeapa kuna mtu ameketi chini yake, ametulia, mikono magotini.

"Baba ameshafika," akasema. "Mbona hamumkaribishi?"

Nikamgeuza uso kwa nguvu. Nikampa dawa, nikamhesabia pumzi kama daktari alivyonifundisha. Nje hapakuwa na mngurumo wowote. Jioni ikaja bila lori. Binti yangu akarudi kazini na mwavuli umegeuka nje ndani, akauliza kwa macho, nikatikisa kichwa. Simu ya mumewe haipatikani. Kisha redio, ile ya betri, ikatangaza kwamba daraja la mto mkubwa limechukuliwa na maji na magari kadhaa yamesombwa.

Binti yangu akakaa chini sakafuni. Mimi nilikuwa nakitazama kiti. Niliwaza kwamba mtoto hajawahi kukosea hata mara moja. Amesema baba ameshafika. Basi amefika. Nilienda, nikashika ncha ya shuka na kulivuta. Palikuwa na mito tu.

4 Aprili, Jumamosi

Hakuna habari. Binti yangu hali chakula. Chiriku anauliza mbona tunalia wakati baba yuko.

5 Aprili, Jumapili

Amerudi! Mvua ilikata asubuhi, nikawa nimefungua milango na madirisha yote nyumba ipigwe upepo. Nilikuwa barazani nyuma namenya viazi nikaona mtu wa matope anaingia uani. Nilijua ni yeye, na kwa muda mfupi sikujua ni yeye aliye hai au ni yeye yule mwingine. Kisha akasema, "Shikamoo, Mama," kwa sauti iliyokauka, na nikaangusha kisu.

Aliliacha lori upande wa pili wa mto na simu imekufa maji. Kavushwa kwa kamba, kapanda trekta, katembea. Matope, dizeli, unga wa magunia uliogandamana kwenye shati. Kabla sijamzuia, Chiriku alikwishamrukia na kuzika uso shingoni mwake.

"Umechelewa," akamwambia. "Kifua kilishasema juzi."

Nikasimama na pampu mkononi nikisubiri mluzi. Tulikaa pale barazani hadi jua lilipotua, mtoto pajani mwa baba yake, analishwa viazi na vidole vyenye grisi. Mluzi haukuja. Nimewaza sana. Nadhani kile kilichokuwa kikimfuata kimeondoka na mto. Nimeandika hivyo, mimi matroni mzima na akili zangu, na sifuti.

6 Aprili, Jumatatu

Mkwe kalala kutwa. Nimempikia mwenyewe. Binti yangu ananiangalia na kucheka chini chini.

11 Aprili, Jumamosi

Maji ya mto yamepungua. Mkwe alienda kulichukua lori lake na leo alikuwa anarudi. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Nilimwonea mtu huyu kwa muda mrefu na nilitaka alione hilo kwenye nyumba yenyewe bila mimi kulazimika kutamka. Kwa hiyo niliandaa kiti kama sijawahi kukiandaa. Mito ilikuwa na unyevu na harufu ya kuvunda, nikaipiga upande huu na ule mpaka bega likafa ganzi. Mvua ilikuwa imerudi, madirisha yote nimeyafunga. Nilikohoa hata mimi. Nikanyunyiza maji ya waridi, nikafunika.

Chiriku alikuwa anacheza kwa Redio. Aliingia, akakaa mkekani, na hakupata hata nafasi ya kusema baba anakuja. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Ngozi ya shingo ikawa inadidimia ndani kila akivuta. Pampu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ni kama napulizia ukuta. Nikapiga kelele. Redio, namshukuru, alitoka na kanga moja kwenye mvua kuita teksi.

Hospitali walimweka kwenye mashine ya mvuke na oksijeni. Mkwe alitukuta huko. Alisimama nje ya dirisha la wodi na hakuingia. Nilimwona anarudi nyuma kila mtoto anapogeuza kichwa upande wake, ili asimwone.

13 Aprili, Jumatatu

Mtoto karudi nyumbani. Jana, koridoni hospitali, nilimwambia mkwe neno. Binti yangu alikuwa hawezi kulisema, basi nikalibeba mimi. Nilimwambia akae mbali mpaka mvua ziishe. Sikumwambia ninachokiamini. Nilisema tu tumeona wenyewe.

Akajibu, "Kama ni mimi, Mama, nitakaa."

Hakubisha hata kidogo. Ningependa angebisha.

17 Aprili, Ijumaa

Mvua. Chiriku mzima. Kwa hiyo ni kweli.

21 Aprili, Jumanne

Mzima. Hajabanwa hata mara moja. Anauliza baba yuko wapi. Mama yake anamjibu, "Mvua zikiisha." Chiriku akaenda dirishani, akazitazama mvua kwa chuki kabisa.

25 Aprili, Jumamosi

Mkwe analala kwenye lori, uwanja wa malori uko ng'ambo ya soko, hata si mbali. Binti yangu humpelekea chakula na kurudi macho mekundu. Sebule iko kimya. Kiti sijakigusa tangu siku ile, na sipendi kupita karibu nacho. Chiriku haongei sana siku hizi. Nimemtania, nikamwita mke mwenzangu kama zamani, nikamuuliza amenuna nini hali mume ni wetu sote. Hakucheka. Aliniuliza kama mtu asipoitwa huwa anasahau nyumbani kwao.

28 Aprili, Jumanne

Baba yake alimpigia simu. Walizungumza kidogo. Baada ya hapo alinifuata jikoni, akanivuta nguo, akaniambia kifua chake kimekuwa kibovu. Nikatupa mwiko, nikainama kumsikiliza. Kisafi kabisa. Nikamwambia mbona kizima? Akasema ndiyo, ndiyo ubovu wenyewe.

Ningepaswa kuelewa hapo hapo.

29 Aprili, Jumatano

Nilikuwa jikoni mchana. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyofanya kelele, na ndiyo sababu nilisikia kimya kilivyo. Nikaita, hakuitika. Nikaenda sebuleni. Mkekani kuna daftari na penseli, mtoto hayupo. Mlango umefungwa kwa ndani.

Kisha nikakiona kiti. Shuka lilikuwa linapumua.

Sitatafuta neno lingine. Lilikuwa linavutwa ndani, linatulia, linatoka, linavutwa tena. Lilikuwa na umbo, limejikunja. Na lilikuwa na sauti, mluzi. Magoti yangu yaliyogoma msimu mzima yakataka kukimbia. Nilimwita mume wangu kwa jina, jina ambalo sijalitamka tangu tumzike. Shuka likaendelea kupumua.

Sijui nilipata wapi moyo. Nililivuta.

Chiriku alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, ameukumbatia mto, uso ameuzamisha ndani yake mpaka masikioni, anavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Nikamng'oa. Midomo imegeuka rangi, macho yamemtoka, na vumbi jeupe la ukungu limempaka pua kama unga. Alihangaika kusema, na nikamwambia asiseme, akasema.

"Namwita baba."

Nilimbeba mpaka barazani kwenye hewa, pampu naipiga, nikipiga kelele ukuta wa Redio usikie. Kati ya pumzi na pumzi alinielezea, kwa sababu huyu hata kifo kikimshika koo lazima amalize habari yake. Siku ya baba kiti kinanuka. Kikinuka, kifua kinabana. Kikibana, baba anakuja. Sasa hakinuki kwa mbali, basi kaona akifuate mwenyewe.

30 Aprili, Alhamisi

Yuko hai. Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi.

Walimweka kwenye mashine tena na kumchoma sindano. Leo asubuhi kaomba uji, halafu kaomba hadithi, halafu kamkosoa muuguzi anavyosuka nywele.

Nilimwomba daktari yule kijana dakika chache, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi. Kiti, mito ya sufi, fimbo, madirisha. Nilimwambia aliponiuliza kuhusu viti nilimjibu vibaya. Sikumdanganya kwa makusudi. Kile kwangu hakikuwa kiti, kilikuwa mume wangu.

Hakunisuta. Alisema sufi ya zamani hukaliwa na wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, na unyevu wa masika ukiingia hustawi wao na ukungu pia. Nikiipiga mito ndani, vinapaa hewani na kubaki vinaelea kwa saa kadhaa. Mtoto anarudi shule anavivuta. Akasema kiti hakikumpa pumu, pumu anayo na ataendelea na dawa zake, lakini kiti kimekuwa kikiichokoza kila mara. Kila mara mkwe alipokuwa njiani. Kila mara mimi nilipoinua fimbo.

Kiangazi niliipiga uani, upepo ukaondoka navyo. Siku ile ya matope walikaa barazani, na nyumba ilikuwa wazi tangu asubuhi. Yote yalikuwa mbele yangu na nilitazama nyuma ya bega la mtu.

2 Mei, Jumamosi

Kiti kimeondoka. Nilifunga kitambaa puani, nikaitia mito kwenye mifuko ya plastiki na kuifunga kwa kamba, wabeba taka wakachukua na mbao zake. Wakati wanakipitisha mlangoni kiligota kwenye fremu, na nililia kwa sauti mbele ya vijana wa watu. Nimelia kwa ajili ya mume wangu. Nimelia pia kwa ajili ya yule mwingine, aliyelala kwenye lori wiki hizi zote akiamini mwili wake ni sumu kwa mwanawe, na ni mimi niliyemwaminisha.

Binti yangu nilimwambia hospitalini. Alinishika mkono. Akataka ampigie yeye mumewe. Nikakataa. Namba ya mkwe sijawahi kuipiga mimi maishani mwangu.

Alipokea haraka, kwa sauti ya mtu anayetegemea msiba. Akauliza mtoto vipi. Nikamwambia mzima. Kisha maneno yakanikauka, nikayatoa hivyo hivyo makavu.

"Si wewe, mwanangu. Ni mimi. Ni kile kiti, na fimbo yangu. Hujawahi kumdhuru hata siku moja."

Nilisikia mvua ikipiga kichwa cha lori upande wake. Nikamwambia aje nyumbani. Aliuliza, polepole, kama aoge kwanza gereji. Nikamwambia aje kama alivyo.

Alisema atakuja Jumanne, akishusha mzigo. Nilipokata simu nilimsikia bado analia, au ni mimi.

5 Mei, Jumanne

Nimepiga deki kwa kitambaa kibichi, madirisha wazi, mvua ikirusha matone yake sakafuni na mimi nikiyaachia. Kona ya sebule iko tupu. Chiriku alirudi shule, akakaa mkekani, akaanza kuniambia habari za mwalimu bila kukata. Mara mbili nilikwenda kumwekea sikio mgongoni. Pumzi safi, haina hata mkwaruzo.

Sikumwambia baba yake anakuja. Nilidhani nampa zawadi.

Lori likaunguruma nje. Akanyamaza. Nikamwambia, mke mwenzangu, kafungue mlango. Akaenda akachomoa komeo.

Mkwe alikuwa amesimama pale, shati la kazi, mvua mabegani, tabasamu linalotetemeka. Akafungua mikono. Chiriku hakwenda. Aliweka kiganja kifuani, akasikiliza. Akakihamisha upande wa pili, akasikiliza tena. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akajishika kwenye nguo yangu.

"Bibi," akaninong'oneza, "huyu si baba. Kifua hakijasema."

Nikamwambia ni yeye, mtazame. Akamtazama vizuri, kwa adabu, kama tunavyomtazama mgeni, na nilihisi vidole vyake vimekaza zaidi.

Mkwe akashusha mikono. Hakumwita wala hakumsogelea. Akavua viatu, akaketi chini pale pale mlangoni, mgongo kwenye fremu, miguu yake ikilowa mvua. Akaniambia niendelee tu na kazi zangu, yeye atasubiri.

Giza limeingia. Bado yuko pale. Chiriku amekaa mkekani anamwangalia, na mara kwa mara anaweka mkono kifuani.